Profaili mpya ya rangi si lazima iwe bora

Vijana wanaofungua studio za kuchapa picha huniuliza: tutumie profaili ya rangi ya toleo la 2 au la 4? Nawajibu la 2, mpaka mhakikishe kila programu yenu inalisoma la 4 sawasawa.

Toleo la 4 la ICC, muungano unaoweka viwango vya profaili za rangi, lilitoka mwaka 2001, na lina faida ya kweli. Limeweka bayana kiwango cha weusi na weupe pale rangi za picha zinapobanwa ziingie kwenye uwezo wa karatasi. Toleo la 2 lilimwachia kila mtengenezaji aamue. Lakini programu ikichanganya kanuni za matoleo hayo, vivuli huweza kuziba. Anayechapa picha za harusi anajua panapouma: suti nyeusi ya bwana harusi inakuwa doa moja lisilo na kola wala kifungo, na uso mweusi wa bibi harusi unapoteza uhai.

Na wengine wanabishania toleo huku kwenye printa wamechagua aina ya karatasi isiyo yao! Profaili hutengenezwa kwa printa, wino na karatasi mahususi. Ukibadilisha kimoja, haikufai tena. Tena, kama programu ya picha ndiyo inayosimamia rangi, zima usimamizi wa printa, la sivyo rangi zitarekebishwa mara mbili.

Chapeni picha ileile kwa matoleo yote mawili, muache nakala zote mbili zikauke, kisha mzilinganishe nje, kivulini, mchana, kabla hamjapokea malipo ya mteja.