Madai ya Hataza Yasiwe Nyarubanja Mpya

Yako mambo ambayo watu hudhani ni ya mawakili na wahandisi peke yao, na kwa sababu hiyo mkulima na mfanyakazi huyapita kando kama mtu apitaye penye shauri lisilomhusu. Moja la mambo hayo ni uchunguzi wa madai ya hataza, na hasa madai yahusuyo njia za kuongoza mitambo inayogeuza umeme. Sisi twasema kwamba jambo hili si la mawakili peke yao. Lamhusu fundi wa Bukoba mwenye meza yake ya kutengeneza inveta, lamhusu mvuvi wa Bumbire na Goziba ategemeaye taa ya betri ziwani, na lamhusu kila mwananchi wa Muleba aliyefunga kioo cha jua juu ya bati lake.

Tuanze na mtambo wenyewe. Kioo cha jua na betri hutoa umeme uendao upande mmoja tu. Umeme wa nyumbani, ule wa volti 230 tuliouzoea nchini, hugeuka upande kwenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Kazi ya inveta ni kuutoa umeme wa namna ya kwanza na kuufanya wa namna ya pili. Ndani yake zimo swichi ndogo zisizo na mkono wala chemchemi, ambazo hufunguka na kufungwa mara elfu nyingi kwa sekunde. Zikiachwa wazi kitambo kirefu zaidi, umeme mwingi hupita. Zikifungwa mapema, hupita mchache. Kwa kupanga urefu wa vitambo hivyo, mtambo huchora wimbi la umeme kama fundi seremala apindishavyo ubao kwa mikato midogo midogo.

Basi siku hizi thamani ya mtambo haimo katika bati na waya peke yake. Imo katika akili iziongozayo swichi hizo: ipime nini, ipime lini, ifungue ipi kwanza, na ifanye nini mzigo unapoongezeka ghafula. Akili hiyo ndiyo makampuni ya dunia yanayoigombea, na ndiyo inayoandikwa katika madai ya hataza.

Hataza ni nini? Ni mapatano baina ya mvumbuzi na umma. Mvumbuzi aeleza siri yake yote waziwazi, hata mtu mwingine mwenye ujuzi aweze kuifanya. Na umma wampa haki ya kuwazuia wengine wasiitumie kwa muda, ambao kwa kawaida hauzidi miaka 20. Muda ukiisha, elimu ile ni ya wote. Madai ni ile sehemu ya maandishi inayosema haki hiyo yaanzia wapi na kuishia wapi. Maelezo yaweza kujaza kurasa mia, lakini mpaka huwekwa na madai, na neno moja likiongezwa au kupunguzwa laweza kuuhamisha mpaka huo.

Sisi wa Kagera hatuhitaji kufundishwa maana ya mpaka. Kila aliyekulia katika kibanja ajua kwamba miti ya mpakani ina neno. Tena twajua maana ya mpaka uliozidi haki. Katika Buhaya ulikuwako utaratibu wa nyarubanja, ambao kwao bwana mmoja alihesabiwa kuwa mwenye ardhi iliyolimwa na wengi, na wale waliopanda migomba na mibuni kwa jasho lao wakawa wapangaji wake, wakimlipa kwa yale yaliyotoka mikononi mwao wenyewe. Haikuwa mpaka sheria ya mwaka 1965 ilipofungua mlango wa kuwakomboa wapangaji hao.

Twaitaja habari hiyo kwa makusudi. Kibanja ni haki: mtu amefyeka, amelima, ametia mbolea, na asiibiwe. Nyarubanja ni kitu kingine: ni kuweka mpaka kuzunguka ardhi ambayo wengine wamekwisha kuilima au watailima kesho. Vivyo hivyo, dai la hataza lililopimwa sawasawa ni kibanja cha mvumbuzi. Dai pana kupita kiasi ni nyarubanja ya fikira. Na mtu pekee asimamaye baina ya hayo mawili, kabla shauri halijafika mahakamani, ni mtahini wa hataza.

Mtahini auliza maswali machache, lakini ni mazito. Je, jambo hili ni jipya, au limekwisha kujulikana mahali fulani? Kama ni jipya, je, lina hatua ya uvumbuzi, au fundi yeyote hodari angelifikia bila kutoka jasho? Laweza kutumika katika kazi? Maelezo yatosha kumwezesha mwingine kulifanya? Na je, madai hayapiti yale ambayo mwombaji ameyaeleza kwa kweli?

Tutoe mfano. Kioo cha jua hakitoi nguvu ileile wakati wote. Wingu likipita, hali hubadilika. Kwa hiyo kidhibiti kizuri hubadili volti kidogo, hutazama kama nguvu imeongezeka au imepungua, kisha huendelea upande ule ule au hurudi nyuma. Ni kama mtu apandaye kilima gizani, akiujua mwinuko kwa nyayo. Njia hii imejulikana kwa miongo mingi na imo katika vitabu vya wanafunzi. Leo mtu akileta dai lisemalo tu: njia ya kuongoza kigeuzi cha umeme kwa kupima nguvu na kurekebisha volti, mtahini hana budi kulikataa, hata likiwa limevikwa maneno mapya yenye fahari. Lakini mtu mwingine akija na mpango maalumu wa kubadilishana zamu baina ya swichi, akaonyesha jinsi mpango huo upunguzavyo joto katika swichi zenyewe, na akadai mpango huo na si zaidi, huyo astahili kusikilizwa na kupewa haki yake.

Mambo haya si mageni duniani. Samuel Morse, mwenye sifa ya simu ya maandishi, alidai katika dai lake la nane matumizi yote ya nguvu ya sumaku ya umeme kwa kuandika alama mahali pa mbali, kwa njia yoyote ile itakayopatikana. Mwaka 1854 Mahakama Kuu ya Marekani ilimwachia madai yake mengine lakini ililikataa hilo, kwa kuwa lilifunga milango ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameifungua. Huo ulikuwa ni wivu wa nyarubanja, nao ulizuiwa.

Katika zama zetu ugumu umezidi, kwa sababu akili ya mtambo huandikwa kwa hesabu na programu, na hesabu tupu si mali ya mtu. Mwaka 1981 mahakama hiyo hiyo ilikubali dai la njia ya kupika mpira wa viwandani, ingawa ndani yake ilikuwamo kanuni ya hesabu iliyojulikana, kwa kuwa hesabu hiyo iliendesha kazi yenyewe: ilipima joto ndani ya kalibu na kuifungua kwa wakati wake. Mwaka 2016 mahakama ya rufani ya huko ilitupilia mbali madai ya kampuni iitwayo Electric Power Group juu ya kukusanya habari za gridi ya umeme kutoka sehemu mbalimbali, kuzichambua na kuzionyesha. Ilionekana kwamba kukusanya habari na kuzionyesha, bila kuleta njia mpya ya kuifanya kazi hiyo, si uvumbuzi wa kupewa haki. Vigeuzi vya umeme vimesimama katikati ya mashauri hayo mawili. Dai likiishia katika hesabu, na lianguke. Likifika mpaka kwenye swichi, likaibadilisha kazi ya mtambo kwa njia mpya, na litazamwe kwa heshima.

Tena liko funzo la nyumbani. Mwaka 1828 James Beaumont Neilson wa Glasgow alipewa hataza ya kupuliza tanuri la chuma kwa hewa iliyopashwa moto kwanza, na hataza hiyo ikazaa fedha nyingi na kesi nyingi. Miaka 150 baadaye, mwaka 1978, wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao katika Buhaya. Wazee waliokuwa wameyeyusha chuma ujanani mwao walijenga tanuri tena, na mirija ya udongo iliyopitisha hewa ya mivukuto iliingizwa ndani ya tanuri. Wataalamu hao walisema kwamba hewa ilipata moto humo kabla ya kufikia makaa, na kwamba wahunzi wa pande hizi walikuwa na ufundi huo zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Wataalamu wengine walibisha habari ya kiasi cha joto hilo, na ubishi wa namna hiyo ni afya ya elimu. Lakini jambo moja halibishwi: katika 1828 hapakuwako mtu London wa kuuliza wahunzi wa Kemondo walijua nini. Uingereza yenyewe haikuanza kuchunguza upya wa uvumbuzi mpaka mwaka 1905; kabla ya hapo iliandikisha tu.

Kwa hiyo yatupasa kuuliza: leo nani ataulizwa habari za fundi wa Kamachumu? Ujuzi usioandikwa hauonekani katika meza ya mtahini. Fundi aweza kuwa amebuni miaka kumi iliyopita njia ya kuzuia inveta isiungue radi ipigapo ziwani. Kama hakuandika, hakuchora, wala hakutia tarehe, kwa mtahini ni kana kwamba hakuwahi kuishi.

Na tuitazame sheria yetu. Kwa muda mrefu sheria tuliyorithi kwa wakoloni haikuwa na uchunguzi wake. Iliandikisha hapa hataza zilizokwisha kutolewa Uingereza. Sheria ya hataza ya mwaka 1987 ilikuja kutupa utaratibu wetu wenyewe, na leo kazi hiyo kwa Tanzania Bara ni ya BRELA. Kadhalika Tanzania imo katika ARIPO, shirika lenye makao yake Harare, na tangu mwaka 1999 imo katika Itifaki ya Harare. Kwa itifaki hiyo ombi moja laweza kuchunguzwa Harare kwa niaba ya nchi nyingi. Lakini liko jambo ambalo wananchi wengi hawalijui: baada ya ARIPO kuijulisha nchi nia yake ya kutoa hataza, nchi hiyo ina miezi sita ya kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Miezi hiyo sita ni ngao. Ngao isiyoinuliwa haimkingi mtu.

Sisi basi twaona mambo matatu yafaa kufanywa. Kwanza, nchi iwe na watahini waliosomea umeme wa vigeuzi, si sheria tu. Maana asiyejua swichi hufanya nini hawezi kujua dai limepita mpaka. Pili, muhtasari wa madai yanayoihusu Tanzania katika mambo ya umeme wa jua utolewe kwa Kiswahili chepesi, kwani maombi ya ARIPO huandikwa kwa Kiingereza, na mpaka usioweza kusomwa na jirani ni mtego. Tatu, vyuo vya ufundi vimfundishe kijana kusoma hataza kama anavyofundishwa kusoma mchoro wa waya.

Na kwa mafundi wenyewe tuna neno. Msiogope neno hataza kama mtoto aogopavyo askari. Hataza ina nguvu katika nchi ilikotolewa tu. Ile iliyosajiliwa Ujerumani au Japani peke yake haimfungi mtu afanyaye na kuuza kazi yake hapa Tanzania, na maelezo yake ni shule ya bure kwa kila ajuaye kusoma. Zile zilizokwisha muda ni mali yenu kama zilivyo mali ya Wajerumani. Lakini mkibuni jambo lenu, liandikeni, litieni tarehe, na msilitangaze sokoni wala kwenye maonyesho kabla ya kupeleka ombi. Maana kilichokwisha kutangazwa chaweza kuhesabiwa si kipya tena, hata kama mtangazaji ni wewe mwenyewe.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuzifuta hataza zote. Hatukubaliani nao. Kijana wa Muleba akikesha miaka miwili juu ya kidhibiti cha betri, kisha tajiri akainakili kazi yake kwa juma moja, tutakuwa tumeondoa nyarubanja na kuweka unyang'anyi mahali pake. Wako pia wasemao kwamba kila mwenye ombi apewe, ili wageni walete mitaji. Hao nao twawapinga, kwa kuwa mtaji unaokuja kwa sharti la kumfungia fundi wetu njia za zamani si mgeni, ni mwenye nyumba mpya.

Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba ulitoka Uganda, kwa waya za kilovolti 132 kutoka Masaka hadi Kyaka, na watu wetu walijua maana ya kukaa gizani kwa sababu ya jambo lililotokea mbali. Baadaye Tanzania, Rwanda na Burundi zikajenga pamoja kituo cha Rusumo, cha megawati 80. Maji ya Kagera yana mwenyewe, na jua ni la wote. Lakini kati ya jua na taa upo mtambo, na ndani ya mtambo ipo akili, na juu ya akili hiyo kuna maandishi yawekayo mpaka. Maandishi hayo na yasomwe neno kwa neno, dai kwa dai, na watu wenye elimu na uaminifu. Mvumbuzi apewe kibanja chake chote, wala asipewe hatua moja ya kibanja cha jirani.