Kelele, Mluzi na Mvumo: Impela ya Pampu ya Petroli na Istilahi za Sauti

Mijadala ya uundaji wa istilahi za Kiswahili imezoea kuanza na jina la kitu. Huulizwa: chombo hiki kiitweje? Ni nadra mjadala kuanza na kile ambacho chombo hufanya, na nadra zaidi kuanza na sauti inayotoka ndani yake. Impela ya pampu ya petroli ya gari, ingawa ni kitu kidogo kinachofichwa ndani ya tangi, inaonyesha hasara ya mazoea hayo.

Katika magari ya kabureta, petroli ilivutwa na pampu ya kiwambo iliyoendeshwa na injini yenyewe, na sauti ya pampu ilimezwa na muungurumo wa injini. Mfumo wa kunyunyizia petroli, ulioenea katika miaka ya 1980 na 1990, ulidai shinikizo kubwa zaidi, aghalabu bar 3 hadi 4. Ndipo pampu ya umeme ilipozamishwa ndani ya tangi, ambako petroli huipoza. Katika magari mengi madogo, tangi liko chini ya kiti cha nyuma. Chanzo cha sauti, ambacho zamani kilikuwa mbele pamoja na injini, kikahamia chini ya abiria.

Moyo wa pampu ya aina iliyoenea sana ni kisahani cha plastiki ngumu, chenye kipenyo cha sentimita 3 hadi 4 hivi, kilichozungushiwa vibapa vidogo ukingoni. Vibapa hivyo vinafaa kuitwa makafi, kwa kuwa kazi yake haiko mbali na kazi ya kafi la mtumbwi. Kisahani kinapozunguka, makafi huitupa petroli katika mfereji wa pembeni, petroli ikarudi, ikatupwa tena, na kila mara shinikizo lake huongezeka. Baina ya tundu la kutokea na tundu la kuingilia pana kizuizi kinachouziba mfereji ili petroli iliyokwisha kushinikizwa isirejee ilikotoka. Hapo ndipo sauti huzaliwa. Kila kafi linapopita kwenye kizuizi, shinikizo hubadilika ghafla.

Hesabu yake ni nyepesi. Impela yenye makafi 43, inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kwa sekunde, hutoa mapigo 4,300 kwa sekunde. Sauti hiyo ni mluzi mwembamba, na kwa bahati mbaya uko palepale ambapo sikio la binadamu ni jepesi mno, yaani kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Abiria huusikia hata pale ambapo nguvu yake ni ndogo kuliko ya magurudumu barabarani.

Dawa waliyoibuni wahandisi ndiyo inayopaswa kumvutia mwanaisimu. Njia mojawapo ni kupishanisha makafi ya upande mmoja wa kisahani na ya upande wa pili, ili pigo la huku liangukie katikati ya mapigo ya kule. Njia nyingine, ambayo imo katika hataza za Marekani za miaka ya 1990, ni kuyapanga makafi kwa nafasi zisizo sawa. Idadi ya mapigo katika mzunguko mmoja haibadiliki. Kinachovunjwa ni mwendo wake. Nguvu iliyokuwa imekusanyika katika kidatu kimoja hutawanyika katika vidatu vingi. Kutolingana huko hakupatikani kwa kubahatisha: uzito wa kisahani sharti ubaki sawa pande zote, la sivyo kitayumba na kuzaa mtikisiko mpya.

Mwanafunzi wa fonetiki analijua jambo hili tangu mwaka wake wa kwanza. Irabu ni sauti yenye mitetemo inayojirudia kwa vipindi sawa, na kwa hiyo ina kidatu kinachoweza kuimbwa. Kikwamizo kisicho ghuna, kama kile cha mwanzo wa neno "shamba", hakina kipindi cha namna hiyo, hakiimbiki. Impela yenye nafasi sawa hupiga irabu nyembamba, nayo yenye nafasi zisizo sawa hukisogelea kikwamizo. Ulinganisho huu una mpaka wake, kwa kuwa mpangilio wa makafi hujirudia katika kila mzunguko na baadhi ya vidatu hubaki. Lakini ni ulinganisho wa kweli kuliko ule unaofichwa na neno "kelele".

Neno hili ndilo kiini cha tatizo. Tafsiri nyingi za maandishi ya ufundi hutumia "kelele" kwa kila sauti isiyotakiwa. Sentensi "impela hii hupunguza kelele" inasomeka vizuri, tena haina kosa la sarufi. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi akiiamini, atachukua chombo cha kupimia desibeli, atapima impela mbili, na huenda akaona tofauti ndogo mno kati yake. Atakata shauri kwamba kitabu kimesema uongo, au kwamba Kiswahili hakifai kwa sayansi. Mashtaka hayo ya pili yamekwisha kusikika vya kutosha katika Afrika ya Mashariki, na si haki kuyaongezea ushahidi kwa uzembe wa neno moja.

Kelele, katika Kiswahili cha watu, ni hukumu ya msikilizaji. Methali ya kelele za chura zisizomzuia ng'ombe kunywa maji imesimama juu ya msingi huo: sauti ni ileile, anayeamua kama imsumbue ni mnywaji. Neno lenye hukumu ndani yake haliwezi wakati huohuo kuwa jina la kipimo.

Maneno ya kutenganisha yapo. Sauti yenye kidatu kimoja chembamba ni mluzi. Sauti iliyotawanyika, isiyoimbika, ni mvumo, kama wa upepo katika mivinje ya pwani. Kinachosikika kwa mkono juu ya bodi ya gari ni mtetemo. Hivyo impela iliyobuniwa vyema hugeuza mluzi kuwa mvumo, na "kelele" ibaki kuwa neno la abiria. Huenda ikapingwa kwamba mvumo hutumika pia kwa ngoma na kwa sifa za mtu. Ni kweli, lakini istilahi nyingi zilizofaulu zilianza na maana pana, kisha fani ikazibana. Kidatu chenyewe kilikuwa daraja la ngazi kabla ya kuingia katika fonetiki.

Kazi ya BAKITA tangu mwaka 1967, na ya TUKI, ambayo tangu 2009 imeendelezwa na TATAKI, imeipa lugha majina mengi ya vitu. Kuhusu kisahani chenyewe, "impela" inatosha kwa sasa. "Rafadha" inasukuma chombo kizima majini, na "pangaboi" inapuliza hewa. Kuyabandika maneno hayo hapa ni kuwachanganya wasomaji bila faida.

Sauti moja bado haina jina linaloridhisha. Petroli inapopungua tangini na kuwa ya moto, hutokea viputo vya mvuke mbele ya makafi, kisha viputo hivyo hupasuka kwa ndani vinapokutana na shinikizo. Sauti yake si mluzi wala mvumo. Inafanana na changarawe zinazosagwa. Fundi aliyezoea kusikiliza pampu huitambua kabla hajafungua tangi, na neno analolitumia kumweleza mwanagenzi wake ndilo linalostahili kuandikwa kwanza.