Usiuze mpunga wote

Ndugu mkulima wa Dakawa, unakumbuka Januari 2014? Mvua ilinyesha sana. Maji yalijaa Magole na Dumila. Barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ilikatika. Watu wengi walipoteza nyumba zao na chakula.

Mwaka mwingine ni jua. Mto Wami hupungua. Maji ya skimu yetu huvutwa kwa pampu, na pampu ni gharama.

Mwaka mbaya ukija, msimu unaofuata utapanda nini?

Wengi wetu huuza mpunga ungali shambani, kwa sababu ya shida. Bei hutajwa na mnunuzi. Miezi michache baadaye tunanunua mchele dukani! Hiyo si biashara.

Ukivuna, toa kwanza chakula cha nyumbani. Kisha tenga mbegu. Mbegu ya SARO 5 unaweza kuitoa katika shamba lako. Chagua mahali ambapo haikuchanganyika na mbegu nyingine. Anika vizuri. Uma punje moja. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, anika tena. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Kama unakaa bondeni, peleka mbegu kwa ndugu yako anayekaa mwinukoni.

Unaobaki ndio wa kuuza. Pima kwa mizani, kataa lumbesa. Ukiuweka katika ghala lenye leseni, utapewa stakabadhi. Itunze.

Nunua pia daftari. Andika gharama ya mbegu, mbolea, maji na vibarua. Mnunuzi akija, fungua daftari kwanza, ndipo mzungumze bei.