Kabla Hujalipa Ada, Iulize Tume

Na Rehema Mkude

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, matangazo ya vyuo vya mtandaoni humiminika kwenye makundi ya WhatsApp. Mengi yanafanana: binti aliyevaa joho, jina la chuo lenye neno "International", ada kwa dola, na ahadi kwamba ukilipa leo utapunguziwa nusu. Wanaonaswa si vijana peke yao. Wamo walimu wa shule za msingi, wauguzi na makarani wenye stashahada wanaotaka kupanda daraja bila kuacha kazi wala watoto. Leo nawaandikia hao.

Kusoma kwa masafa ni elimu kamili. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na Waingereza wana chao tangu 1969. Kenya nayo ilikipa Chuo Kikuu Huria chake hati Agosti 2023. Ninachokuomba ni kujua mamlaka gani inakitambua chuo unachotaka kukilipa, na jibu hilo usilitafute kwenye tovuti ya chuo chenyewe.

Sababu ninayo. Mei 2015 gazeti la The New York Times lilifichua kwamba kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, ilikuwa nyuma ya mamia ya tovuti za shule na vyuo vya kubuni. Maprofesa waliotabasamu kwenye video walikuwa waigizaji wa kulipwa. Mteja alishawishiwa kwamba uzoefu wake wa maisha unatosha kumpatia shahada. La kutisha zaidi, hata vyombo vya ithibati vilivyotajwa kuvithibitisha vyuo hivyo vilikuwa vya kubuni pia. Mtu makini aliyejiridhisha kwa kufuata muhuri wa ithibati aliishia mikononi mwa walewale.

Kwa hiyo anzia nyumbani. Tanzania, mwenye neno la mwisho juu ya shahada ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na ndiyo inayozitathmini shahada za nje. Kenya kuna tume ya CUE, Uganda baraza la NCHE. Kama chuo ni cha Marekani, lipo pia baraza la CHEA, ambalo orodha yake ya vyuo vyenye ithibati unaisoma bure. Andika jina la chuo herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda majina yanayokaribiana na ya vyuo vikubwa.

Halafu kuna fani zenye bodi zake. Shahada ya sheria, hata iwe ya chuo kizuri namna gani, haikufanyi wakili Tanzania Bara bila kupita Shule ya Sheria. Wahandisi na wauguzi nao wana vyombo vyao vya usajili. Waulize hao mapema, kabla ya muhula wa kwanza.

Chuo kikishapita hapo, mtafute mtu anayesoma humo sasa. Usimuulize kama anakipenda. Muulize kazi yake ya mwisho ilirudi baada ya muda gani, na mhadhiri aliandika nini pembeni. Muulize mtihani unafanyika wapi na nani anahakikisha kwamba anayeufanya ni yeye. Akikwambia hajawahi kusahihishiwa wala kufeli kitu, achana na chuo hicho. Chuo cha kweli kinakusumbua: kinadai vyeti vyako vya awali, kinakataa waombaji, kinakurudisha kwenye somo uliloshindwa.

Waajiri wetu nao wanahakiki. Aprili 2017 ripoti ya uhakiki iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli ilitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulihusu vyeti vya sekondari na ualimu, lakini mwenye shahada ya kununua asijidanganye kwamba ya kwake haitafikiwa.

Kama tangazo la namna hiyo liko kwenye simu yako sasa, usitume hata pesa ya fomu. Waandikie TCU jina kamili la chuo, nchi kilipo na programu unayoitaka, na usubiri jibu la maandishi. Punguzo linaloisha usiku wa leo liache liishe.