UCHAMBUZI: Aliyekataliwa kwa kimo chake awa mwalimu wa Montreal

Klabu ya Montreal Canadiens ilipomkabidhi Martin St. Louis mikoba ya ukocha mnamo Februari 9, 2022, wapo mashabiki walioshangilia na wapo walioguna.

Walioguna walikuwa na sababu. St. Louis hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya wachezaji wa kulipwa. Kazi ya ukufunzi aliyoifanya kwa muda mrefu zaidi ilikuwa kuwafunza watoto, wakiwemo wanawe mwenyewe, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani.

Isitoshe, timu aliyopokezwa ilikuwa ikiburura mkia. Canadiens walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Stanley mwaka 2021 chini ya mkufunzi Dominique Ducharme, lakini msimu uliofuata walikuwa wameshinda mechi 8 pekee kati ya 45 kufikia siku alipotimuliwa.

Mchezo wenyewe, magongo ya barafuni, si mgeni kabisa kwa Wakenya. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005, ndio uliowalea vijana wa timu ya Ice Lions. Mnamo 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo, IIHF.

Hata hivyo, kwa wenyeji wa Montreal mchezo huu ni zaidi ya burudani. Canadiens wametwaa Kombe la Stanley mara 24, idadi ambayo hakuna klabu nyingine ya ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, iliyoifikia. Mara ya mwisho ilikuwa 1993, na tangu hapo hadi kufikia 2025 hakuna timu ya Kanada iliyolinyanyua tena. Kocha wa Montreal, kwa hivyo, hufanya kazi chini ya macho ya jiji zima.

Ili kuelewa ni kwa nini kamari hii haikuwa ya kipumbavu, yafaa turejelee safari ya St. Louis akiwa mchezaji.

Alizaliwa Juni 18, 1975 mjini Laval, jirani na Montreal. Katika mchezo unaosifia miili mikubwa, kimo chake kilikuwa sentimita 173 hivi. Alichezea Chuo Kikuu cha Vermont kwa ustadi mkubwa, lakini mwaka baada ya mwaka klabu za NHL zilipokuwa zikiteua chipukizi, hakuna hata moja iliyolitaja jina lake.

Calgary Flames walimsajili mwaka 1998. Miaka miwili baadaye walimwacha wazi achukuliwe na klabu mpya zilizokuwa zikijiunga na ligi. Hizo nazo zikampita. Mwishowe Calgary wakavunja mkataba wake, naye akahamia Tampa Bay Lightning.

Wahenga walisema wembamba wa reli, garimoshi hupita. Katika msimu wa 2003-04, kijana huyo aliyekataliwa aliongoza ligi nzima kwa alama 94, akatawazwa mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi, na kuipeleka Tampa Bay kwenye fainali. Wapinzani wao walikuwa Calgary.

Calgary walikuwa wakiongoza kwa ushindi wa mechi 3 dhidi ya 2, na walihitaji mmoja tu kutwaa kombe mbele ya mashabiki wao. St. Louis ndiye aliyefunga bao la ushindi katika kipindi cha pili cha muda wa ziada. Siku mbili baadaye, Tampa Bay walishinda mechi ya saba na kutawazwa mabingwa.

Alipotundika magongo yake mwaka 2015, alikuwa amejizolea alama 1,033 katika mechi 1,134. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 37, alikuwa ameongoza tena ligi kwa alama, mchezaji mkongwe zaidi kuwahi kufanya hivyo. Mnamo 2018 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo.

Lakini umahiri wa mchezaji haumfanyi kuwa kocha. Ushahidi ni Wayne Gretzky, ambaye alama zake 2,857 hazijakaribiwa na yeyote. Aliifunza Phoenix Coyotes kwa misimu minne, kuanzia 2005 hadi 2009, na hakuifikisha awamu ya muondoano hata mara moja. Alishindwa mechi nyingi kuliko alizoshinda.

Kwa maoni yangu, tofauti iko katika namna kila mmoja alivyoupata ujuzi wake. Gretzky alikuwa gumzo la Kanada tangu utotoni. St. Louis alilazimika kujiuliza kila siku mtu mfupi asimame wapi, aanze kukimbia lini, na amsome vipi adui aliyemzidi nguvu. Aliyeyatafuta majibu hayo kwa jasho anaweza kumweleza mwingine njia aliyoipitia.

Dalili zilianza kuonekana mapema. Mshambuliaji Cole Caufield, ambaye pia si mrefu, alikuwa na bao 1 pekee katika mechi 30 msimu huo kabla ya St. Louis kuwasili. Katika mechi 37 zilizofuata alifunga 22. Miguu ilikuwa ile ile na gongo lile lile. Kilichobadilika ni imani ya mwalimu kwa mwanafunzi wake.

Pamoja na hayo, haingekuwa haki kumpa kocha sifa zote. Timu ilimaliza msimu huo wa 2021-22 ikiwa ya mwisho katika ligi nzima. Iliambulia alama 68 msimu uliofuata na 76 mwaka 2024. Meneja Kent Hughes angeweza kumfuta. Badala yake, alimpa mkataba wa miaka mitatu mnamo Juni 2022 na kumwachia vijana awalee. Sisi tuliozoea kuona makocha wa soka wakitimuliwa baada ya vichapo vichache tuna la kujifunza hapo.

Lugha nayo ilichangia. Desemba 2011, klabu hiyo ilipomteua Randy Cunneyworth kuwa kaimu kocha ilhali hakujua Kifaransa, malalamiko yalitanda kote Quebec. St. Louis huwajibu wanahabari kwa lugha ya mama yao. Mcheza kwao hutuzwa, na huenda pia huvumiliwa.

Subira hiyo ilizaa matunda msimu wa 2024-25. Montreal ilijikusanyia alama 91 na kufuzu kwa muondoano katika mechi yake ya mwisho. Beki Lane Hutson, mwingine aliyedhaniwa kuwa mdogo mno, alitawazwa mchezaji bora chipukizi wa ligi. St. Louis mwenyewe alikuwa miongoni mwa watatu walioteuliwa kuwania tuzo ya kocha bora, japo ilimwendea Spencer Carbery wa Washington Capitals.

Ni Capitals hao hao waliowabandua Montreal kwa mechi 4-1 katika raundi ya kwanza. Kichapo hicho kilionyesha umbali uliosalia. Kuwalea vijana ni kazi moja, na kuwashinda mabingwa ni nyingine. Kwa jiji lenye mataji 24, sifa za ualimu mwema hazitatosha milele.

Lakini jambo moja limekwisha kuthibitika. Waliompima St. Louis kwa utepe walikosea mara ya kwanza, na waliompima kocha huyo kwa vyeti alivyokosa walirudia kosa lile lile.