Asali Isiyo na Jina

Wapo wazee wa Unyamwezi wasemao kwamba jina la Tabora limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani hadi vikakauka. Ikiwa ndivyo, basi mji huo umebeba jina la chakula. Lakini mgeni ashukaye leo katika garimoshi na kuingia nyumba ya wageni huletewa nini? Mwandishi wa makala haya aliketi asubuhi moja katika nyumba ya namna hiyo. Akaletewa mkate mweupe na kichupa cha jamu kutoka ng'ambo. Alipoulizia asali, mhudumu alicheka kwa haya, akasema: "Mzee, hiyo ni ya kijijini. Wageni hawaipendi."

Kicheko kile ndicho adui ninayekusudia kupambana naye hapa.

Tuitazame Italia. Mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III, aliweka kwa amri mipaka ya nchi iliyoruhusiwa kuuita mvinyo wake Chianti. Mwaka 1963 serikali ya Italia ikatunga sheria ya kulinda majina ya mvinyo kwa mahali ulikotoka. Mkulima wa huko hunywa mvinyo wa kilima chake kwa mkate, jibini na mafuta ya zeituni ya jirani yake, wala haoni haya. Matajiri wa dunia hulipa fedha nyingi ili waketi naye chini ya mti, na wakirudi makwao husifu utamu wa maisha ya shamba. Hatumwonei kijicho. Twauliza jambo moja tu: kwa nini shamba la Mwitalia liwe utamaduni, na shamba la Mnyamwezi liwe ushamba?

Maana Tabora haikukosa kitu. Katika misitu ya miyombo mfuga nyuki hutundika mizinga yake juu ya miti, na wakati wa mavuno hupiga kambi huko kwa siku nyingi. Yeye huijua asali kwa rangi na kwa harufu, akakuambia ni ua la mti gani lililoizaa. Kwake kuna ugali wa mtama, mlenda, karanga, uyoga wa masika, na matunda ya porini kama furu na mbula. Kuna michembe na matobolwa, akiba ya kiangazi. Kuna wanzuki, kinywaji cha asali, ambacho wazee walikinywa kwa mazungumzo na kwa adabu. Elimu hii haikuletwa na mtu kutoka pwani wala kutoka Ulaya. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi Novemba 1857 waliikuta.

Njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilipita hapo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi baharini, na pembe hizo zikageuka vitufe vya kinanda katika nyumba ambazo hazikupata kulisikia jina la Unyanyembe. Hiyo ndiyo desturi ya njia ile: mali yatoka, jina labaki. Misafara imekwisha, na reli ilifika Tabora mwaka 1912. Lakini asali yetu bado yasafiri katika mapipa, ikachanganywa na kupewa jina la mwingine. Hapa sasa ubeberu hauna haja ya bunduki. Kicheko cha mhudumu chatosha.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora ujanani, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, akawasuta wasomi waliojua dansi za Wazungu na wasijue gombesugu. Wengi tuliisikia hotuba ile kwa miguu: tukafufua ngoma, tukaunda vikundi. Tumbo tukaliacha katika kasumba yake. Katika sikukuu zetu ngoma ya asili huchezwa uwanjani, kisha wakubwa huingia ndani kula vyakula vya kopo.

Watasema wengine kwamba kusifu wanzuki ni kusifu ulevi. Ulevi ni aibu, na Waislamu wengi wa Tabora hawanywi kabisa; haki yao iheshimiwe. Lakini asali ni halali kwa wote. Tena, mbona anayelewa kwa chupa ya ng'ambo huitwa muungwana, na anayeonja kibuyu cha babu yake huitwa mlevi? Kinachohukumiwa hapo si pombe, bali ni kibuyu.

Wengine watasema kwamba tumbaku ndiyo iletayo fedha. Ni kweli, inaleta. Lakini tumbaku hukaushwa kwa moto wa kuni, na kila bani lina kinywa kisichoshiba. Mti unaokatwa Urambo au Sikonge ni ua ambalo nyuki hatalikuta mwakani. Wala wafuga nyuki wasijitoe lawamani: mzinga wa gome huua mti uliobanduliwa gome hilo. Msitu ukiisha, hatutakuwa na jina la kulilinda, maana kitu chenyewe hakitakuwapo.

Basi yafaa tutende. Asali ya Tabora iuzwe kwa jina la Tabora, na jina hilo lilindwe kwa sheria. Shule zetu ziwafundishe watoto kukausha matobolwa kama zinavyowafundisha kuimba. Mizinga ya mbao ichukue nafasi ya ile ya magome. Na kila nyumba ya wageni iliyo kwenye njia ile ya zamani imwekee mgeni asali mezani kabla hajaiuliza.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Utumwa huo waweza kuanza asubuhi, juu ya kipande cha mkate.