Viwanda, Miji na Mgawanyo wa Pato

Wapo wanaoamini kwamba miji ikikua na viwanda vikiongezeka, tofauti ya mapato baina ya wananchi itapungua yenyewe. Imani hiyo yafaa ipimwe kwa hesabu.

Ichukuliwe nchi yenye watu 100, wote wakulima, kila mmoja akipata shilingi 100 kwa siku. Hapo tofauti haipo. Kiwanda kikijengwa mjini na kuajiri watu 10 kwa shilingi 300 kila mmoja, watu hao, ambao ni sehemu ya kumi tu ya wananchi, watapata robo nzima ya pato lote. Hakuna aliyenyang'anywa kitu, lakini pengo limekwisha kuzaliwa. Walioajiriwa wakifikia 90, pengo hupungua tena, kwani karibu wote hupata sawa.

Huo ndio msingi mmojawapo wa hoja aliyoitoa mwanauchumi Simon Kuznets wa Marekani mwaka 1955, kwamba tofauti ya mapato hupanda mwanzoni mwa ujenzi wa viwanda, kisha hushuka. Mwenyewe alikiri kwamba hoja hiyo ilitegemea makisio kuliko takwimu. Hata hivyo, baadhi ya waliomfuata waliigeuza kuwa kama kanuni ya maumbile, na maskini wakaambiwa wasubiri.

Kosa liko hapo. Pengo hushuka pale tu ajira inapozidi kuongezeka hadi kuwafikia walio wengi. Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 273,000 katika sensa ya 1967; sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 5,300,000. Ajira za viwandani hazikuongezeka kwa kadiri hiyo, na wengi waliohamia mjini huishi kwa biashara ndogondogo na vibarua.

Nchi nyingine zatoa funzo. Taiwan iligawa ardhi kwa wakulima baina ya 1949 na 1953, kisha ikaeneza hadi vijijini viwanda vidogo vinavyohitaji mikono mingi. Uchumi ulikua upesi na pengo likapungua. Nchini Brazil, baina ya 1960 na 1970, viwanda vilistawi, lakini pengo lilipanuka.

Kwa hiyo kiwanda kisisifiwe kwa ukubwa wa mitambo yake. Hapana budi kiulizwe kimeajiri watu wangapi, na kinamlipa mkulima wa pamba bei gani. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayoamua kama pengo litashuka.